Zuio la Mahakama Katika Migogoro ya Kugawana Mali ya Familia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo ndugu waliofiwa, wake wenza, wajane na wapwa huyarudia kila wanapokuja kuomba ushauri kuhusu nyumba au shamba ambalo wote wana haki nalo. Majibu yanahusu Tanzania Bara, isipokuwa pale inapoelezwa vinginevyo. Yatakusaidia kuelewa njia na kujiandaa kabla ya kuonana na wakili au msaidizi wa kisheria, ambaye ndiye atakayesoma nyaraka zako mwenyewe.

## Mambo ya msingi

1. Zuio la mahakama ni nini?

Ni amri inayomkataza mtu kufanya jambo fulani, kama vile kuuza, kubomoa, kujenga, kuweka rehani au kuwafukuza waliomo. Zuio la muda hutolewa wakati shauri la msingi bado linasikilizwa, ili mali inayogombewa iendelee kuwepo hadi siku ya hukumu. Zuio la kudumu hutolewa ndani ya hukumu yenyewe, baada ya ushahidi wa pande zote kupimwa. Watu wengi wanaposema "nataka kuweka zuio" huwa wanakusudia lile la muda, na ndilo linalozungumzwa hapa.

Msingi wake ni Amri ya 37 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33 (hapa "Amri" ni jina la fungu la kanuni katika sheria hiyo). Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya nayo huitumia sheria hiyo pale kanuni zao zenyewe zinapokuwa kimya.

2. Nikipata zuio, je, nimeshinda kesi?

Hapana. Nasisitiza jambo hili kwa sababu limewaumiza wengi. Zuio halisemi nyumba ni ya nani, wala halimpi mtu fungu lake. Linaishikilia mali mahali ilipo, basi. Nimewaona ndugu wakitoka mahakamani na amri mkononi, wakarudi nyumbani kama waliokwisha kupata haki yao, wakaacha kuhudhuria tarehe za shauri la msingi. Shauri likaondolewa kwa kutohudhuria, na zuio likaondoka nalo, kwa kuwa zuio la muda haliwezi kusimama peke yake pasipo shauri lililolizaa.

3. Tumeandika ukutani kwa rangi nyekundu "NYUMBA HII HAIUZWI". Je, haitoshi?

Maandishi hayo hayamzuii mtu yeyote kisheria, na ndoo moja ya chokaa inayafuta. Hata hivyo si kazi bure. Mnunuzi aliyefika kukagua nyumba akayasoma, kisha akalipa, atapata taabu kubwa kuieleza mahakama kwamba alinunua kwa nia njema bila kujua kuwa pana mgogoro. Yapigeni picha inayoonyesha ukuta mzima pamoja na mlango au namba ya nyumba, na mwambieni mwenyekiti wa serikali ya mtaa aje ayaone. Picha hiyo itaambatanishwa kwenye kiapo (tazama swali la 9).

4. Kaveti na zuio vina tofauti gani?

Kaveti ni tahadhari inayowekwa kwa Msajili wa Hati chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, na mtu anayedai kuwa na maslahi katika ardhi iliyosajiliwa. Ikishawekwa, mtu hawezi kuhamisha hati kimyakimya. Lakini kaveti inafunga daftari tu, haimfungi fundi aliyeshika nyundo. Ndugu yako akitaka kubomoa chumba cha uani au kukata miti, kaveti haitamgusa, na hapo ndipo zuio linapohitajika. Mara nyingi busara ni kuwa na vyote viwili.

Ardhi isiyosajiliwa haina ukurasa wa kuwekea kaveti. Kwa nyumba za namna hiyo watu hupeleka barua ya tahadhari kwa serikali ya mtaa au kijiji na kwa ofisi ya ardhi ya halmashauri, na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua hiyo haina nguvu ya kaveti, ila inajenga ushahidi.

## Niende wapi?

5. Shauri langu ni la mirathi au la ardhi?

Hapa ndipo watu wengi hupoteza miaka. Jiulize kwanza: je, mali bado ni ya marehemu, au imeshagawanywa?

Kama mgogoro ni juu ya namna mali ya marehemu inavyogawanywa, nani ni mrithi, au msimamizi wa mirathi anafanya nini, pa kwenda ni mahakama ya mirathi iliyomteua msimamizi huyo. Mahakama ya Rufani ilikwisha kueleza, katika uamuzi wa maombi ya mwaka 2009, kwamba mahakama ya mirathi pekee ndiyo inayoweza kueleza jinsi mali ya marehemu ilivyomfikia mrithi au mnunuzi. Kufungua shauri la namna hiyo kwenye Baraza la Ardhi ni kujitafutia pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria ya kutaka shauri liondolewe kabla halijasikilizwa.

Kama mirathi ilikwisha kufungwa na ninyi ndugu mmekuwa wamiliki wa pamoja, majina yenu yote yakiwa kwenye hati au mgawo ukiwa umekubaliwa na mahakama, na sasa mnagombana namna ya kuigawa nyumba au kiwanja, hilo ni shauri la ardhi. Vivyo hivyo kama anayegombea ni mtu wa nje asiyedai kupitia kwa marehemu.

Jambo moja la kukumbuka kwa walio Mahakama ya Mwanzo: Sura ya 33 haitumiki huko. Mahakama hizo zina kanuni zake, na mamlaka yake juu ya msimamizi yanatoka katika Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11. Maombi yaliyonakiliwa kutoka Mahakama Kuu, yakataja Amri ya 37, hayafai pale.

6. Mimi ni mrithi, lakini si msimamizi. Naweza kufungua shauri?

Kwa mali ambayo bado ni ya marehemu, anayeshitaki na kushitakiwa kwa niaba ya marehemu ni msimamizi aliyeteuliwa. Ukienda peke yako kama "mtoto wa marehemu" kudai nyumba kutoka kwa mtu wa nje, utaulizwa una mamlaka gani. Lakini milango haijafungwa kwako. Mrithi ana haki ya kwenda katika mahakama iliyomteua msimamizi na kulalamika kwamba hajaleta orodha ya mali, anaficha kodi, au anauza kwa hila, na kuomba uteuzi wake utenguliwe. Na ukiwa tayari umeandikishwa kuwa mmiliki mwenza, unashitaki kwa jina lako mwenyewe.

Kama hakuna msimamizi kabisa, fungua mirathi kwanza. Kikao cha ukoo huitwa, muhtasari huandikwa na kusainiwa, kisha maombi hupelekwa mahakamani. Angalieni sana saini za muhtasari ule, kwa kuwa saini ya dada aliye mbali "iliyowekwa kwa niaba" bila yeye kujua ndiyo mbegu ya kesi nyingi ninazoziona.

7. Je, msimamizi anaweza kuuza nyumba bila sisi warithi kukubali?

Jibu huwashtua wengi. Mahakama ya Rufani, katika uamuzi uliochapishwa kwenye taarifa za mashauri za mwaka 1994, ilieleza kuwa sheria haimlazimishi msimamizi kupata ridhaa ya kila mrithi kabla ya kuuza mali ya mirathi. Hiyo haina maana kwamba mali ni yake. Anaishika kwa ajili ya warithi, na lazima atoe hesabu. Chini ya Sheria ya Mirathi na Usimamizi wa Mali za Marehemu, Sura ya 352, orodha ya mali hupelekwa mahakamani ndani ya miezi 6 tangu uteuzi na hesabu ndani ya mwaka 1. Katika Mahakama ya Mwanzo orodha hiyo hutakiwa ndani ya miezi 4.

Kwa hiyo mtu anayesema "hawezi kuuza, mimi sijasaini" anajiliwaza. Ukiona dalili za mauzo yasiyo ya haki, nenda mahakamani mapema, kabla fedha hazijabadilisha mikono.

8. Lazima nianzie Baraza la Kata? Nyumba itauzwa ningali kwenye usuluhishi!

Kwa mashauri ya ardhi, ndiyo. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata haliamui tena, linasuluhisha. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri la umiliki wa ardhi mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha, au siku 30 zipite bila usuluhishi kukamilika. Thamani ya mali ikizidi mamlaka ya Baraza la Wilaya, shauri huenda Mahakama Kuu.

Hofu yako ni ya kweli, kwa sababu zuio la muda chini ya Amri ya 37 linahitaji shauri lililokwisha kufunguliwa. Katika siku hizo weka kaveti au barua za tahadhari (swali la 4), na hakikisha siku uliyofika kata imeandikwa na kugongwa muhuri, ili siku 30 zihesabike bila ubishi. Iko pia njia ya zuio la Mareva, ambalo Mahakama Kuu inaweza kulitoa kabla ya shauri kufunguliwa pale sheria yenyewe inapomzuia mtu kufungua shauri kwa wakati huo. Mfano unaojulikana zaidi ni siku 90 za notisi ambazo mtu husubiri kabla ya kuishitaki Serikali. Kwa njia hiyo usiende bila wakili.

## Kuomba zuio

9. Mahakama inaangalia nini kabla ya kutoa zuio?

Vigezo ni vitatu, na vimekuwa vikirudiwa tangu shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la mwaka 1969. Cha kwanza, kuwe na hoja nzito ya kuamuliwa katika shauri la msingi, na uwezekano kwamba mwombaji atapata nafuu anayoiomba. Cha pili, bila zuio mwombaji atapata madhara yasiyoweza kurekebishwa kabla haki yake haijathibitishwa. Cha tatu, kupimwe nani ataumia zaidi, yule atakayenyimwa zuio au yule atakayezuiwa. Vyote vitatu vinatakiwa kwa pamoja.

Wengi huangukia kigezo cha pili. Kama unachodai ni sehemu yako ya bei, mahakama itakuambia kwamba hasara yako inahesabika, basi utalipwa fedha. Kwa hiyo eleza kwa nini fedha haitoshi. Nyumba ambayo mama mzee analala humo na hana pengine pa kwenda si sawa na fremu ya duka. Kihamba cha Kilimanjaro, yaani shamba la ukoo, chenye makaburi ya babu na baba, migomba ikiwa imeyazunguka, hakina kingine kinachofanana nacho sokoni. Yaandike hayo kama mambo halisi yanayothibitika, bila kilio.

Maombi huletwa kwa hati ya maombi pamoja na hati ya kiapo, na kiapo ndicho hubeba kila kitu. Kiapo ni ushahidi, kwa hiyo kinaeleza mambo unayoyajua mwenyewe, na pale ulipoambiwa na mwingine umtaje aliyekuambia. Hoja za kisheria, maoni na maombi havikai humo, na kiapo chenye vitu hivyo kinaweza kuondolewa aya kwa aya hadi kisibaki na maana. Usiandike "mjibu maombi ni mtu mwenye tamaa anayetaka kutudhulumu". Andika jambo la namna hii: "Siku ya Jumanne, saa 4 asubuhi, nilimkuta mjibu maombi ukumbini pamoja na watu wawili. Mmoja alikuwa akipima ukuta kwa futi kamba, na mwingine alijitambulisha kwangu kuwa ni dalali wa nyumba." Kisha ambatanisha cheti cha kifo, fomu ya uteuzi wa msimamizi, hati au leseni ya makazi, muhtasari wa kikao na picha.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama na mabaraza, kwa hiyo hakuna sababu ya kuapa juu ya maneno usiyoyaelewa.

10. Naweza kupata zuio bila ndugu yangu kujulishwa?

Kanuni ni kwamba upande wa pili ujulishwe. Mahakama inaweza kusikiliza upande mmoja pale ambapo kuchelewa kungeharibu kusudi la zuio lenyewe, mathalani tingatinga limeshafika kiwanjani. Amri ya namna hiyo hudumu kidogo tu, mpaka wote wasikilizwe. Anayekuja peke yake anawajibika kueleza yote, hata yasiyompendeza. Ukificha kwamba ulikwisha kupokea sehemu ya fedha za mauzo, siku mwenzako atakapoleta kiapo kinzani zuio litaondolewa, na hakimu hatakuamini tena kwa urahisi.

## Baada ya kupata zuio

11. Zuio linadumu muda gani?

Kwa Amri ya 37, muda hutajwa na mahakama lakini hauzidi miezi 6. Unaweza kuongezwa, ila jumla yake haizidi mwaka 1, na anayeomba nyongeza lazima aonyeshe kuwa amefanya bidii kuliendesha shauri. Andika tarehe ya mwisho mahali utakapoiona kila siku, na uombe nyongeza kabla haijafika. Hakuna atakayekukumbusha.

12. Ndugu yangu amepewa amri lakini fundi anaendelea kujenga. Nifanyeje?

Kwanza hakikisha ushahidi kwamba alipewa: nani alimpelekea, lini, na kama alikataa kusaini, nani alishuhudia. Mpelekee nakala fundi mwenyewe, dalali na serikali ya mtaa. Kisha rudi katika mahakama ile ile na maombi ya kumwadhibu kwa kukaidi. Mahakama inaweza kukamata mali yake na kumweka gerezani kama mfungwa wa madai kwa muda usiozidi miezi 6. Usiende na vijana kubomoa ukuta alioujenga. Utakuwa umegeuka wewe kuwa mshitakiwa.

13. Kaka anakusanya kodi ya wapangaji peke yake. Zuio litamlazimisha kugawana?

Si lenyewe. Zuio la kuuza halisemi lolote kuhusu kodi, na mahakama haitoi usichokiomba. Omba waziwazi kwamba kodi iwekwe kwenye akaunti itakayosubiri hukumu, au kwamba atoe hesabu kila mwezi. Wapangaji wenyewe wasisimamishe malipo kwa kuambiwa na upande mmoja, wakajikuta wametolewa vyombo nje.

14. Zuio litamtoa ndugu anayeishi ndani ya nyumba?

Kwa kawaida hapana. Zuio hulinda hali ilivyo, na kama yeye anaishi humo, hiyo ndiyo hali ilivyo. Kumtoa ni jambo la hukumu.

15. Nimenyimwa zuio. Naweza kukata rufaa?

Kwa kawaida uamuzi mdogo usiomaliza shauri haukatiwi rufaa. Mara nyingi nguvu ni bora zielekezwe katika kuomba shauri la msingi lisikilizwe haraka.

## Mazingira yasiyo ya kawaida

16. Nimegundua nyumba imeshauzwa. Zuio litasaidia?

Mahakama haizuii jambo lililokwisha kutendeka, na maombi ya kuzuia mauzo yaliyokamilika hutupwa. Lakini kuuza kuna hatua. Inawezekana bei imelipwa ila hati haijahamishwa, au mnunuzi hajaanza kubomoa. Omba kuzuia hatua iliyobaki, mwunganishe mnunuzi katika shauri, na katika shauri la msingi omba mauzo yatenguliwe.

17. Ndugu mmoja ameweka nyumba ya urithi rehani, na benki imetangaza mnada.

Mnada wa ardhi hauwezi kufanyika kabla ya siku 14 za tangazo kwa umma, kwa hiyo hesabu siku leo. Ukienda na hoja kwamba deni ni kubwa mno au riba ni kali, utashindwa, kwa kuwa hiyo ni hasara inayohesabika kwa fedha. Hoja yenye nguvu ni kwamba aliyeweka rehani hakuwa na mamlaka ya kuifunga sehemu yako, au kwamba nyumba ni ya ndoa na mwenzi hakuridhia.

18. Mume wangu amefariki na shemeji zangu wanasema nyumba ni ya ukoo.

Tenganisha haki yako mwenyewe na urithi. Nyumba mliyoichuma pamoja ina sehemu ambayo ni yako kabla hata mirathi haijaanza, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 161, inatambua mchango wa mwenzi hata pale hati ilipoandikwa jina moja. Mume akiwa hai, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa yako. Ieleze mahakama ya mirathi haki hiyo mapema, mama, kabla nyumba nzima haijaandikwa katika orodha ya mali za marehemu.

19. Baba alifariki zamani sana. Je, muda umepita?

Kudai ardhi kuna ukomo wa miaka 12 chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, na kwa ardhi ya marehemu hesabu inaweza kuanzia siku ya kifo. Shauri lililopitwa na muda halina hoja nzito ya kuamuliwa, hivyo zuio nalo litakosa mguu wa kusimamia.

20. Niko Muscat, na wenzangu wanauza nyumba ya Tanga.

Mpe mtu unayemwamini hati ya uwakilishi, iliyosainiwa na kuthibitishwa ipasavyo huko uliko. Kumbuka kwamba mwakilishi anaweza kuapa juu ya anayoyajua yeye tu. Yale unayoyajua wewe, uyaapie wewe mwenyewe.

21. Je, Kenya na Zanzibar ni vivyo hivyo?

Zanzibar ina sheria na mahakama zake, zikiwemo Mahakama za Kadhi, kwa hiyo vifungu vilivyotajwa hapa usivihamishie huko.

Kenya vigezo vinafanana, na hutajwa kwa jina la shauri la Giella dhidi ya Cassman Brown la mwaka 1973. Zuio la upande mmoja halizidi siku 14, na shauri lisipokwisha ndani ya miezi 12 zuio hukoma, isipokuwa mahakama iamue vinginevyo kwa sababu za kutosha. Tofauti kubwa iko kwa msimamizi: Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inakataza kuuza ardhi ya marehemu kabla uteuzi haujathibitishwa na mahakama, na kifungu cha 45 kinamfanya anayejiingiza katika mali ya marehemu bila idhini kuwa mkosaji wa jinai.

22. Tumepatana shauri likiwa katikati. Tuliache tu?

Msiliache. Andikeni hati ya suluhu: nani anachukua chumba kipi au kipande kipi, nani anamlipa nani, kwa tarehe ipi, nani anagharimia upimaji, na zuio linaondolewa lini. Wote wasaini, kisha iwasilishwe mahakamani isajiliwe kuwa hukumu. Suluhu ya mdomo iliyofikiwa barazani kwa kahawa haikaziwi na mtu, yaani hakuna wa kulazimisha itekelezwe, ila iliyosajiliwa inakaziwa kama hukumu nyingine yoyote, na Msajili wa Hati ataifanyia kazi.